Ushahidi wa mageuko ya viumbe umo kwenye ndoo ya furu

Ukifika Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, alfajiri, wanaogombewa ni sangara, sato na dagaa. Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, huwekwa pembeni, na wengi huishia kuwa chambo. Mimi nikiulizwa kama kweli viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, huanza na furu.

Ziwa Victoria limehesabiwa kuwa na spishi zipatazo 500 za samaki hawa. Mashapo ya chini ya ziwa yanaonyesha kwamba lilikauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na vinasaba vya furu vinaonyesha kuwa wote ni ndugu wa karibu mno. Katika ukoo huo wamo wanaokwangua mwani maweni, wanaowinda samaki wenzao, na wanaokula konokono, ambao taya lao la kooni ni nene na lina meno mapana ya kusaga magamba.

Tazama ndugu wawili wa miambani, kisiwani Makobe. Wa kwanza dume lake ni la buluu, nao hukaa karibu na uso wa maji. Wa pili dume lake ni jekundu, nao hukaa chini zaidi. Huyu kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki huelekea wekundu, na jeni ya jicho inayohusika na mwanga huo imetofautiana kati ya ndugu hawa. Jike huchagua dume la rangi ya kwao. Watafiti walipowaweka chini ya taa inayoficha tofauti ya rangi, majike hayakubagua tena.

Jambo hilohilo linatokea ziwani, nalo linaniuma. Kisiwani Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji ni ya tope na huoni makundi mawili, wamechanganyika. Kila tope na maji taka tunayoyaachia ziwani yanaweza kufuta spishi bila nyavu kuguswa.

Wapo furu walionusurika sangara alipofurika na kuwala miaka ya 1980. Ukilinganisha baadhi yao na wale waliohifadhiwa kwenye chupa tangu miaka ya 1970, matamvua yamekuwa makubwa, maana oksijeni ya maji imepungua. Sehemu ya badiliko hilo huenda ni mwili tu kuzoea mazingira tangu utotoni, ndiyo maana mimi huegemea zaidi ushahidi wa jicho: ule umeandikwa kwenye jeni, na samaki hurithishana.