Shada la Mlangoni si Msiba, na Fomu ya Shule si Bili

Dada mmoja aliyetoka Bukavu, mwezi wake wa kwanza hapa Lewiston, jimbo la Maine, alinijia jioni moja ya Oktoba na karatasi mkononi. Mwanawe alikuwa ameitoa kwenye mkoba wa shule. Ina picha ya shada la majani mabichi, la mviringo, lenye utepe mwekundu. Pembeni bei, chini nafasi ya kuandika majina. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huko shuleni kuna kilio?"

Alidhani mwanafunzi amefariki na wazazi wanaombwa rambirambi. Na angedhani nini kingine? Kwetu shada hulazwa juu ya kaburi, na orodha ya majina yenye pesa pembeni ni daftari la msiba. Tangu siku hiyo nimekaa kwenye meza ya kugawa mashada misimu kadhaa, na nimeona jinsi karatasi hii moja, fomu ya kuagiza mashada yanayouzwa kuchangia shule, inavyowasumbua wazazi wetu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, hata sisi wa Tanzania tuliojiona wenyeji. Kila mtu anaisoma kwa macho ya kule alikotoka. Basi niandike ninayoyajua, nikijibu moja moja yale ninayowasikia wakisema.

"Shada ni la wafu"

Huku shada hutundikwa mlangoni kuanzia mwisho wa Novemba kama pambo la Krismasi na la majira ya baridi. Shule, vikundi vya skauti na makanisa huyauza, pamoja na miti ya Krismasi, kuchangisha fedha. Maine ina sababu ya ziada: misitu yake imejaa balsamu, mti wa jamii ya msonobari wenye sindano fupi na harufu nzuri, na kaunti ya Washington, kule mashariki kabisa, inaishi na kazi hii kila mwisho wa mwaka.

Hata hivyo yule dada hakukosea moja kwa moja. Mwaka 1992 Morrill Worcester, mtengeneza mashada wa huku Maine, alibakiwa na mzigo mwishoni mwa msimu, akapeleka mashada kama 5,000 kwenye makaburi ya wanajeshi ya Arlington, karibu na Washington, mji mkuu wa Marekani. Desturi hiyo imekua, na sasa kila Desemba makaburi mengi ya wanajeshi Marekani huwekewa mashada. Kwa hiyo fomu nyingine zinazokuja nyumbani ni za shada la kaburini kweli: unalipia, linalazwa juu ya kaburi la askari, na kikundi kilichouza kinapata sehemu yake. Soma juu ya fomu ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

"Ni ada. Nisipolipa mtoto atarudishwa nyumbani"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu naijua inakotoka. Mzazi aliyelea watoto Kongo kabla ya elimu ya msingi kutangazwa bure mwaka 2019 amewahi kumwona mwanawe akitolewa darasani kwa sababu ya pesa. Waliokulia Kenya wanajua harambee, na sisi wa Tanzania tunaijua michango ya shule ambayo ilikuwa ya hiari kwa jina tu. Mwili unakumbuka. Nimewaona akina mama wakinunua mashada matatu kwa pesa ya chakula, si kwamba wanayataka, bali kwa hofu.

Karatasi ile ni fomu ya oda. Ni biashara. Hununui, unairudisha tupu au huirudishi kabisa, na mtoto anaendelea na masomo kama kawaida. Shule ya umma haimnyimi mtoto darasa kwa sababu mama yake hakununua pambo. Shughuli za nje ya darasa, kama bendi, michezo na safari, kila jimbo lina taratibu zake. California ndiko walikokaza zaidi: mwaka 1984 mahakama kuu ya jimbo hilo, katika kesi ya Hartzell dhidi ya Connell, ilisema elimu ya bure inajumuisha pia shughuli hizo, kwa hiyo shule za umma haziwezi kuzitoza ada. Majimbo mengine hayakufika huko. Kwa hiyo ukiambiwa mtoto hataenda safari bila kuuza, uliza kwa upole nani ameweka sharti hilo, na uliza kama kuna msaada kwa asiyeweza. Mara nyingi upo, ila hautangazwi kwa Kiswahili.

Zawadi ndogondogo zinazoahidiwa watoto, auzaye 10 kapata hiki, auzaye 30 kapata kile, mimi sizipendi. Zinamfanya mtoto wa miaka minane abebe presha ya wakubwa. Mwambie mapema, kabla hajaanza kuota baiskeli.

"Shule huku ni bure, hizi pesa wanakula"

Shule ni bure kwa maana ya darasa, mwalimu na kitabu. Serikali kuu ya Marekani hutoa takriban moja ya kumi tu ya gharama za shule za umma. Sehemu kubwa inatoka kwa jimbo na kwa mji wenyewe, na mji unategemea hasa kodi ya nyumba na ardhi. Ndiyo maana shule ya mji wenye majumba ya thamani inaweza kuwa na vitu ambavyo ya jirani haina. Mashada yanaziba yale yaliyoachwa nje: basi la kwenda makumbusho, sare za bendi, ngoma mpya.

Kama pesa zinaliwa au haziliwi, hilo huulizwa kwenye kikao. Vikao vya chama cha wazazi na walimu viko wazi kwa mzazi yeyote, na mweka hazina husoma hesabu. Nenda ukasikie. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani mapema.

"Nikilipa dola 30, shule inapata dola 30"

Hapana, na hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Chukua mfano. Shule inanunua shada kwa muuzaji wa jumla kwa dola 20 na kuliuza 30. Kinachobaki ni dola 10. Wakiuza mashada 100, faida ni dola 1,000. Lakini tuseme kamati iliagiza 108 kwa matumaini na 8 yakabaki: yale manane ni dola 160 zilizokwisha kulipwa, na faida inashuka hadi 840. Ndiyo sababu fomu inakuja mapema hivyo, Septemba au Oktoba, na wanataka pesa mbele. Wanaagiza idadi iliyolipiwa, hakuna kinachobaki.

Miti ni hatari zaidi kwa muuzaji. Kikundi kinachopanga miti kwenye uwanja kinalipia mzigo wote, kinatafuta watu wa kusimama kwenye baridi kila jioni, na mti ambao haujauzwa usiku wa tarehe 24 Desemba hauna thamani yoyote asubuhi yake.

Hesabu hiyohiyo inakupa uhuru. Kama lengo lako ni kusaidia shule wala huna haja na shada, andika hundi ya dola 15 moja kwa moja kwa chama cha wazazi. Umetoa nusu ya bei, na shule imepata zaidi ya ambavyo ingepata kwenye shada.

"Mwanangu akiuza mengi, pesa ni zake"

Wazazi wenyeji nao wanaiamini hii. Inasikika kama haki: aliyetoka jasho ndiye ale. Vikundi vingine humfungulia kila mtoto hesabu yake. Familia iliyouza mashada 40 inakatiwa gharama ya safari, na isiyouza inalipa yote.

Ila vyama vingi vya wazazi na vya kusaidia timu vimesamehewa kodi na serikali kwa sharti kwamba fedha zake zinahudumia kundi, si mfuko wa mtu. Mwaka 2013 mahakama ya kodi ya Marekani iliamua kesi ya chama cha wazazi wa watoto wa jimnastiki kiitwacho Capital Gymnastics Booster Club. Kilikuwa kinawapa pointi wazazi waliouza, na pointi zinapunguza wanachodaiwa. Mahakama ikasema hiyo ni faida binafsi, na chama kikapoteza msamaha wake.

Maana yake kwetu ni nzito. Mtoto ambaye mama yake anafanya zamu ya usiku kiwandani, hana ofisi ya kuzungushia fomu, hana shangazi mwenye nyumba kubwa wa kununua matano, huyo naye ana haki kwenye basi lililolipiwa na mashada ya wenzake. Hasaidiwi kwa huruma. Ndivyo chama kilivyoahidi kiliposamehewa kodi. Ukiona kikundi kinafanya vingine, lifikishe kwenye kikao bila woga, na utamkuta mweka hazina mwenye uzoefu akikuunga mkono, maana anajua kinachoweza kumfika.

"Nina risiti, nitapunguziwa kodi"

Kwa shada ulilolipia bei yake ya sokoni, hupunguziwi kitu, kwa sababu umenunua na umepewa mali. Ukilipa dola 50 kwa shada la thamani ya 30, sadaka yako ni 20. Malipo ya namna hiyo, nusu zawadi nusu manunuzi, yakizidi dola 75, chama kinapaswa kukuandikia thamani ya ulichopewa.

"Sisi Waislamu haituhusu" au "wanataka kutubatiza"

Mwaka 1989, kwenye kesi iliyotoka Pittsburgh, Jaji Harry Blackmun wa Mahakama Kuu ya Marekani aliandika kwamba mti wa Krismasi wenyewe si alama ya dini siku hizi. Ndivyo sheria inavyouona, na ndiyo sababu shule ya umma inaweza kuuza mapambo haya bila kuonekana inahubiri.

Lakini jaji si mufti, wala si mchungaji. Familia ya Kiislamu ikisema hii si desturi yetu, neno limekwisha. Vivyo hivyo Mashahidi wa Yehova wasiosherehekea Krismasi. Mtoto hatakiwi kulazimishwa kuuza wala kueleza imani ya wazazi wake mbele ya darasa. Namjua baba mmoja, mtu wa swala tano, ambaye hauzi hata shada moja, lakini Jumamosi ya kugawa anakuja na lori lake kubeba maboksi, kwa sababu anasema bendi ile ni ya watoto wote. Mwingine hafiki kabisa. Wote wawili tunasalimiana vizuri.

"Wanamaliza misitu"

Miti ya Krismasi inayouzwa Marekani, kati ya milioni 25 na 30 kwa mwaka, karibu yote hupandwa shambani kama mahindi, hasa Oregon na North Carolina. Mti wa kimo cha mtu huchukua takriban miaka saba, na mkulima hupanda miche mipya kila msimu. Mdororo wa uchumi wa 2008 ulipowafanya wakulima wapande kidogo, upungufu ulijitokeza karibu miaka minane baadaye na bei zikapanda.

Shada halikati mti kabisa. Wachumaji husubiri usiku kadhaa wa jalidi kali, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, maana baridi ndiyo inayoshikisha sindano kwenye tawi. Ukivunja kabla, shada linapukutika kabla ya sikukuu. Baridi ikishaingia, ncha ya tawi inavunjika kwa mkono kama kijiti kikavu, *tak*, na mti unachipua tena. Halafu ncha tatu nne hushikwa pamoja, zinafungwa kwa waya kwenye pete ya chuma, fungu linalofuata linalala juu ya mashina ya lililotangulia kuyaficha, mpaka duara lifunge. Vidole vinabaki vyeusi kwa utomvu. Sabuni haiutoi, mafuta ya kupikia yanautoa. Kwa hiyo unapojaza fomu Oktoba, shada lako bado liko mtini.

Tahadhari kwa wanaosema tutaingia msituni tukachume bure tuuze wenyewe: Maine msitu usio na uzio bado una mwenyewe, na kuchukua matawi ya kuuza kwenye ardhi ya mtu kunahitaji ruhusa yake ya maandishi. Walinzi wa misitu husimamisha magari na kuuliza.

"Mti mbichi utatuchomea nyumba"

Mti mkavu ndio wa kuogopa, na hata huo huchoma nyumba chache kwa nchi kubwa hivi. Ukifika nao, kata kipande chembamba cha shina chini, kiasi cha sentimita mbili, kwa sababu utomvu umeshaziba njia za maji. Uweke kwenye maji hapohapo. Siku ya kwanza mti unaweza kunywa hadi lita nne. Maji matupu yanatosha, msihangaike na sukari wala aspirini. Usiusogeze karibu na hita.

Shada nalo linapenda baridi. Lining'inie nje. Watu wetu wengi hulileta ndani na kulitundika juu ya radieta ili lionekane, na wiki moja baadaye sakafu imejaa sindano. Januari, kama lilitoka jimbo jingine, usilitupe nyuma ya nyumba: mwaka 2018 maafisa wa kilimo wa Wisconsin walikuta wadudu waharibifu wa misonobari kwenye mapambo yaliyoletwa kutoka nje ya jimbo, na ushauri ukawa kuyafunga kwenye mfuko wa taka au kuyachoma. Ile pete ya waya ing'oe kwanza. Kwetu mwalimu wa sanaa huzikusanya kwenye ndoo mlangoni pa darasa lake.