Magnesiamu Ikipungua, Kwa Nini Potasiamu Huvuja Kutoka Kwenye Seli?

Swali: Kwa nini upungufu wa madini huchunguzwa katika seli zinazokuzwa maabarani badala ya mwilini?

Jibu: Mtu aliyepungukiwa na kirutubisho kimoja mara nyingi amepungukiwa na vingine pia, na figo, utumbo na homoni zake huanza mara moja kufidia pengo hilo. Maabarani mtafiti huweza kuondoa magnesiamu peke yake katika kimiminika kinacholisha seli, akaacha mengine yote kama yalivyo, kisha akapima ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama za potasiamu na sodiamu, zinazoingia na zinazotoka.

Swali: Ioni hizo zina kazi gani?

Jibu: Seli hai huhifadhi potasiamu nyingi ndani, yapata milimoli 140 kwa lita, ilhali nje huwa 4 au 5 tu, sodiamu hukaa kinyume chake. Tofauti hiyo, ambayo mapigo ya moyo na kazi ya neva huitegemea, hulindwa na pampu iliyomo katika utando wa seli, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1957. Katika kila mzunguko pampu hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na ATP hiyo haifai kwa kazi hii mpaka ishikamane na magnesiamu.

Swali: Basi magnesiamu ikipungua, pampu husimama?

Jibu: Haisimami ghafla, kwa sababu seli huing'ang'ania magnesiamu yake. Upungufu ukizidi, pampu hulegea, potasiamu ikashuka na sodiamu ikapanda ndani ya seli. Katika seli za figo lipo jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: magnesiamu huziba kwa ndani njia zinazopitisha potasiamu kwenda kwenye mkojo, hivyo ikipungua njia hizo huachwa wazi.

Swali: Jambo hili linamhusu vipi mgonjwa?

Jibu: Mgonjwa aliyepungukiwa na magnesiamu na potasiamu kwa pamoja anaweza kupewa potasiamu tena na tena bila kiwango chake kutengemaa, mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza. Daktari hupaswa kupima yote mawili, akikumbuka kwamba chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyomo katika majimaji ya damu, kwa hiyo kipimo cha kawaida hakiondoi shaka yote. Vidonge vya magnesiamu visimezwe bila ushauri, hasa na mwenye ugonjwa wa figo, kwani figo dhaifu hushindwa kutoa ziada yake.