Mashine ya kuchomelea bodi iliyoliwa na kutu: anza na unene wa bati

Ukiuliza mashine ya kuchomelea dukani, muuzaji anakuonyesha namba kubwa iliyoandikwa ubavuni: 200, 250, 300. Hizo ni ampea za juu kabisa, na fundi wa mageti ana sababu ya kuzitazama. Fundi wa bodi hazimhusu. Bati la nje la magari mengi madogo ya Kijapani, yaani mlango, boneti na madigadi, lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.8 hivi, na kutu ikishakula, kingo za tundu hubaki nyembamba zaidi. Muulize muuzaji jambo moja: mashine hii inashuka mpaka ampea ngapi, na huko chini moto wake umetulia?

Hesabu ya kuanzia ni ampea 40 hivi kwa kila milimita ya chuma. Bati la 0.8 linataka kama 30, boksi la chini ya milango lenye milimita 1.2 linataka kama 50, chasi ya pikapu yenye milimita 2.5 inataka 100. Mashine inayoanzia 30 na kuishia 160 inamaliza kazi zote za gari dogo. Inayoanzia 50 itakutobolea bati kila mara, hata ikiwa juu inafika 300.

Kibandiko peke yake usikiamini. Nenda dukani na vipande viwili vya bati la geji 22 (milimita 0.7), omba mashine ya MIG, yaani ile inayolisha waya yenyewe kupitia bunduki ya mkononi, iwashwe, ishushe mpaka mwisho, kisha sikiliza. Moto mzuri hutoa sauti moja mfululizo, kama samaki anayekaangwa. Ukisikia pa, pa, pa, huku waya unasukuma bunduki nyuma, basi waya unakuja kwa kasi kuliko moto unavyouyeyusha, na kama kasi haishuki zaidi ya hapo, mashine hiyo iache dukani.

Kutu imetoka upande gani?

Kabla ya kununua chochote, jua utachomelea sehemu gani zaidi. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, limepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu yake hutoka chini kupanda juu: boksi la chini ya milango, sakafu, sehemu zinaposhikia sasipensheni, chasi. Gari lililozeekea Mombasa, Tanga au Unguja huliwa kwa namna nyingine. Hewa ya chumvi hukaa kwenye maungio, chini ya raba za vioo, kwenye mifereji ya paa na kwenye mikunjo ya chini ya milango. La kwanza linataka mashine yenye nguvu ya kutosha kupenya milimita 2 na zaidi; la pili ni kazi ya bati jembamba tupu, na hapo hata mashine ndogo inatosha mradi ishuke vizuri.

Pima kwa bisibisi butu na nyundo ndogo. Gonga ukisikiliza: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hunyamaza. Sumaku isiponata, umekuta puti ya kujazia mashimo. Panua tundu mpaka ufike kwenye bati lenye unene kamili. Ukichomelea kwenye ukingo uliobaki milimita 0.3, utakuwa unafukuza tundu kutoka hapa kwenda pale.

Rodi, gesi, TIG, MIG

Mashine ya rodi, hasa zile za transfoma zinazotengenezwa mitaani, ni ya mageti. Rodi ya geji 12, yaani kama milimita 2.5, inataka ampea 60 hadi 90, na bati la mlango haliwezi kuvumilia hapo hata sekunde moja. Zipo rodi nyembamba za milimita 1.6 na 2.0, na inveta nzuri ya rodi (mashine nyepesi ya kielektroniki isiyo transfoma kubwa) huziendesha, lakini mimi siishushi chini ya chuma cha milimita 1.5. Ibakie kwa chasi na mabano.

Gesi ya oksijeni na asetilini ndiyo iliyofundisha mafundi bodi wengi, na mshono wake ni laini, unagongeka kwa nyundo bila kupasuka. Ubaya wake ni joto kusambaa. Bati hujikunja mbali na mshono, rangi na nta ya upande wa ndani huungua, na hapo kutu mpya inaanzia mahali usipopaona. Kwenye nguzo za mlango na maboksi ya magari ya miaka ya karibuni kuna chuma cha nguvu ya juu, nacho joto la namna hiyo hukilegeza. Usiipeleke huko.

TIG, inayowasha moto kwa sindano ya tungsteni huku mkono wa pili ukilisha waya, ni nzuri sana kwa bati safi. Kutu haikupi bati safi. Chembe moja ya kutu au nta ikitokeza upande wa nyuma, moto unaruka na sindano inachafuka, nawe umelala chini ya gari mikono yote miwili imeshikwa. Kwa kutu, MIG.

Ila si kila MIG. Nyingi za bei nafuu ni za waya wa unga, yaani wenye unga wa kukinga mshono ndani yake, usiotumia gesi, na baadhi haziwezi kupokea gesi kabisa. Waya huo hutoa moto mkali zaidi, cheche nyingi na gamba la kung'oa, na wa kawaida zaidi madukani ni wa milimita 0.8. Kwa chuma cha milimita 1.2 na kuendelea, nje, penye upepo, unafaa. Kwa mlango ni mateso. Fungua kifuniko cha pembeni uone kama kuna sehemu mbili za kubadilisha nguzo za umeme: waya mtupu wenye gesi hutaka bunduki iwe chanya na athi iwe hasi, waya wa unga hutaka kinyume chake. Watu wengi hulalamika kwamba waya wa unga unarusha cheche kupita kiasi, kumbe hawakubadilisha nguzo.

Tazama pia bunduki. Yenye kichwa cha kufungua, mtindo wa Ulaya, ikiharibika unanunua nyingine. Iliyoungwa moja kwa moja ndani ya mashine ikifa, mashine nayo imekwenda.

Waya

Kwa bodi nachagua waya wa milimita 0.6, aina ya ER70S-6. Hiyo 6 ya mwisho inaonyesha kwamba una silikoni na manganizi nyingi zaidi za kukabiliana na mabaki ya kutu kwenye chuma. Waya mwembamba huyeyuka kwa moto mdogo, ndiyo maana unakupa nafasi ya kuacha kabla bati halijatoboka. Lakini hauna ugumu, na ukizuiwa kidogo hujiviringa kwenye rola kama kiota. Sababu huwa tatu: rola ina mfereji wa 0.8, mpira wa ndani wa bunduki umejaa vumbi, au umekaza rola kupita kiasi. Kaza kiasi kwamba ukiuzuia waya kwa kuuelekeza kwenye kipande cha mbao, rola iteleze badala ya waya kujikunja.

Nunua ncha za shaba kumi kwa mkupuo, zenye namba ileile ya waya. Ncha ikipanuka, moto unayumba na utaanza kulaumu mashine.

Pwani waya hushika kutu ukiwa ndani ya mashine. Usipotumia kwa wiki kadhaa, utoe, uuweke kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Kama huchomelei kila siku, roli ya kilo 1 ni bora kuliko ya kilo 5, ingawa kwa kilo unalipa zaidi.

Gesi na upepo

Mchanganyiko wa agoni na CO2, wenye CO2 ya asilimia 5 hadi 20, hutoa moto laini na cheche chache. CO2 tupu ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo, ila moto wake ni mkali na cheche ni nyingi zaidi. Kwa bati la 0.8 tofauti unaiona. Kwa chasi CO2 inatosha kabisa.

Kuna mtego kwenye CO2. Ndani ya mtungi imekaa kama kimiminika, kwa hiyo mshale wa presha hausogei mpaka kimiminika kiishe, halafu unaanguka ghafla. Dawa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni. Toa, kinachobaki ni gesi. Kilo 1 hutoa lita 540 hivi, na kwa mtiririko wa lita 10 kwa dakika unapata karibu dakika 55 za kubonyeza kifyatuo. Mtungi wa kilo 5 hufika saa nne na nusu, na kwa kazi ya madoa madoa hizo ni siku nyingi. Usiulaze mtungi, kimiminika kitaingia kwenye regyuleta. Na regyuleta ya mashine ya soda hupima presha, haipimi mtiririko; tafuta ya kuchomelea.

Lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha ndani ya gereji. Upepo wa bahari ukipita, gesi inapeperuka na mshono unatoka na vitundu kama mkate. Kuongeza mtiririko mpaka lita 20 hakusaidii sana, kwa sababu gesi inayotoka kwa kasi huvuta hewa na kuichanganya. Simamisha bati au turubai upande wa upepo.

Umeme

Kwa ampea 30 hadi 60 za kwenye bunduki, plagi ya kawaida ya ampea 13 haina shida. Shida ni waya wa kuongezea: tumia wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote, maana uliozungushwa kwenye roli hupata moto. Mtaa wenye volti zinazoshuka jioni unatesa mashine ya transfoma, kwani moto unashuka pamoja na umeme. Inveta nzuri huvumilia zaidi. Jenereta, chukua ya kVA 5.

Pesa iliyobaki

Kama bajeti ni ndogo, punguza kwenye mashine, usipunguze hapa. Grinda ya milimita 115, mbili ukiweza, ili usibadilishe diski kila dakika. Diski za kukatia za milimita 1, diski za msasa wa majani namba 60 na 80. Ile diski nene ya kusagia mishono ya mageti isiguse bodi; inapasha bati moto na kulipunguza unene. Koleo za kujifunga, angalau sita. Vibanio vidogo vya kuunganisha bati ncha kwa ncha, vinavyoacha mwanya wa kama milimita 1. Nyundo ya bodi na doli yake, yaani chuma cha kushikilia nyuma ya bati unapogonga. Koleo ya kukunja ukingo, ambayo upande wa pili hutoboa tundu la milimita 5. Hiyo imeokoa muda wangu kuliko kifaa kingine chochote.

Bati la kiraka: jeusi lisilopakwa zinki, geji 20 (milimita 0.9) kwa bodi ya nje, geji 18 (1.2) kwa sakafu na maboksi, geji 16 (1.6) panaposhikia sasipensheni. Bati la mabati ya paa geji 30 ni milimita 0.3 tu na limejaa zinki. Litatoboka, na moshi wake mweupe ukiuvuta unaweza kukuletea homa na mtetemeko saa kadhaa baadaye, dalili ambazo watu huzidhania malaria. Maziwa hayaukingi. Vaa barakoa ya FFP3 na ufungue milango. Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukawasha moto. Hapo unatengeneza gesi ya sumu.

Kuchomelea kwenyewe

Kwenye bati la nje usivute mshono. Piga doa, rukia sentimita 10 hadi 15, piga lingine, rudi katikati. Kwanza madoa kila milimita 25 hadi 30, halafu jaza mianya, ukisubiri mkono uweze kugusa bati. Bati likianza kujikunja, umeharakisha. Doa likikaa juu kama punje bila kupenya, ongeza volti kabla ya kuongeza waya. Likizama, fupisha kubonyeza. Bado linatoboka? Shikilia kipande cha shaba nyuma yake, kinanyonya joto na waya haunati juu yake.

Panapolazwa bati juu ya bati, toboa tundu la milimita 5 hadi 6 kwenye la juu, milimita 8 kwa sehemu za kubeba uzito, uanze moto katikati kwenye bati la chini ndipo uzunguke kwenda ukingoni. Ukianzia ukingoni, tundu litajaa vizuri machoni na la chini halitashika. Fanya vipande viwili vya majaribio uvivunje kwa patasi: bati linatakiwa kuchanika kuzunguka doa, si doa kubanduka.

Betri itolewe, athi ibanwe karibu na unapochomea, tanki na mabomba ya mafuta vitoke kama uko nyuma ya gari. Zulia na lami ya kuzuia kelele huwaka upande usiouona, kwa hiyo mtu mmoja akae ndani na kizima moto, na mkae tena nusu saa baada ya kumaliza.

Bati mbili zikilala pamoja, paka kati yake rangi ya zinki ya kuchomelea, uikwangue palepale doa litakapopigwa. Baada ya kusaga: praima ya epoksi, silanti kwenye maungio, ndipo puti. Puti juu ya chuma kitupu hunyonya maji. Ndani ya boksi, nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu unaonyunyiza pande zote, siku moja au mbili baada ya rangi kukauka. Kisha pitisha waya kwenye vitundu vya chini vya kutolea maji, maana nta na silanti huviziba, na boksi lenye maji ndani litaoza tena hata uchomeleaji uwe mzuri namna gani.