Mzigo wa mkononi: begi la juu, begi la chini ya siti, na kwa nini watu wanalipishwa getini

Ukisema "mzigo wa mkononi" wengi wanaelewa begi lolote ambalo huliachi kaunta, unaingia nalo mwenyewe ndani ya ndege. Zamani ilikuwa hivyo na maisha yalikuwa rahisi. Siku hizi mashirika mengi yameugawa huo mzigo mara mbili, na asiyejua mgawanyo ndo unamkuta getini anatafuta kadi ya benki jasho linamtoka, huku foleni nzima inamtazama.

Kuna begi la kabini, yaani ile sutikesi ndogo ya magurudumu au begi la mgongoni la ukubwa wa kati, hilo linakaa kwenye kabati la juu ya vichwa vya abiria. Halafu kuna kile ambacho kwenye tovuti zao utakuta kimeandikwa "kitu binafsi". Hilo jina mi naona linapoteza watu kabisa, mtu anadhani ni simu na pochi ya hela, kumbe wanamaanisha begi dogo linaloingia chini ya siti iliyo mbele yako, iwe mkoba, begi la laptopu, au kibegi cha mgongoni. Mi naliita begi la chini ya siti maana jina hilo linakueleza jambo zima: tofauti ya hivi viwili siyo aina ya begi, ni mahali linapokaa. Begi lilelile la mgongoni likiingia chini ya siti ni "kitu binafsi", likigoma kuingia ni begi la kabini, hata kama limeandikwa vingine dukani.

Sasa kwa nini wakahangaika kugawa? Ni nafasi tu na pesa. Chini ya siti karibu kila abiria ana pake, hapagombaniwi. Makabati ya juu kwenye ndege nyingi ndogo hayatoshi sutikesi ya kila mtu ndege ikijaa, na kitu kisichotosha mfanyabiashara atakiuza tu. Spirit Airlines ya Marekani ilianza kutoza begi la kabini mwaka 2010, watu wakapiga kelele sana wakati huo, lakini mtindo ukasambaa, Ryanair, shirika la bei chee la Ulaya, nao tangu Novemba 2018 tiketi yao ya bei ya chini kabisa inakupa begi la chini ya siti peke yake, la juu unaongezea hela. Na siyo mashirika ya bei chee tu, United wana tiketi ya daraja la chini ambayo kwa safari za ndani ya Marekani haikupi kabati la juu. Kwa hiyo swali "begi langu linaruhusiwa?" ni swali nusu. Kabla ya kupima begi angalia tiketi: nimeuziwa nafasi ya chini tu, au ya chini na ya juu? Watu wawili wamekaa siti jirani, mabegi yanafanana kama mapacha, mmoja anapita mwingine analipa, na wote wametendewa sawasawa na tiketi zao.

Vipimo vyenyewe ndo kizungumkuti. Hakuna kipimo cha dunia nzima. IATA, chama cha mashirika ya ndege, wana mwongozo wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, ila ni mwongozo tu, shirika halilazimiki kuufuata na mengi ni wakali kuliko hapo. Mwaka 2015 walipendekeza kipimo kimoja cha 55 kwa 35 kwa 20, kelele zikawa nyingi hasa Amerika Kaskazini na mpango ukasitishwa. Mashirika makubwa ya Marekani kama Delta, American na United begi la juu ni inchi 22 kwa 14 kwa 9, hiyo ni kama 56 kwa 36 kwa 23 kwa sentimita. Begi la chini ya siti Ryanair ni 40 kwa 30 kwa 20, easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20. Haya yanabadilika, Ryanair wenyewe wameongeza chao mwaka 2025, hivyo usitegemee namba uliyoisoma mwaka juzi wala hizi zangu, fungua ukurasa wa shirika siku unayonunua tiketi.

Kitu kinachosaidia sana ni kugeuza sentimita kuwa lita, maana mabegi ya mgongoni yanauzwa kwa lita. Zidisha namba tatu, gawa kwa 1000. Hiyo 40 kwa 30 kwa 20 inatoka lita 24. Sasa mtu ananunua begi la lita 40 limeandikwa "la ndege", anaamini atapita nalo bure, wakati 40 ni karibu na begi la juu kabisa (55 kwa 40 kwa 20 ni lita 44). Maandishi kwenye begi hayana maana yoyote kwa mtu wa getini, yeye ana kile kifremu chake cha chuma cha kupimia mabegi tu.

Na kile kifremu hakina huruma, kinahesabu kila kitu, magurudumu, mpini, mfuko wa mbele uliovimba. Mi nilinaswa hivyo mara moja, shirika silitaji, sutikesi nilikuwa nimeipima nyumbani kwa futi ikatoka sawa kabisa, sikujua nimepima boksi bila magurudumu. Sentimita tatu tu! Nikalipa. Tangu hapo nikitumia shirika linalobana natembea na begi laini lisilo na magurudumu, na silijazi mpaka mwisho, maana begi laini lenye nafasi kidogo unalibonyeza linaingia, gamba gumu hata ulisukume kwa goti haliingii.

Uzito ni habari nyingine, na hapa ndo wanaohama kutoka shirika moja kwenda lingine wanashangaa. Marekani mashirika makubwa kwa safari za ndani hawahangaiki na mizani kwa begi la mkononi. Ukipanda Emirates au Qatar Airways daraja la kawaida ni kilo 7, Turkish Airlines kilo 8, KLM na Air France wanakupa kilo 12 lakini hizo ni za mabegi yote mawili kwa pamoja, siyo kila moja. easyJet ni kilo 15 kwa hicho kidogo cha chini ya siti, alimradi uweze kukinyanyua mwenyewe. Sutikesi ya magurudumu ikiwa tupu inaweza kufika kilo 2 na nusu au 3, sasa ukiwa na kilo 7 tayari zaidi ya theluthi imeliwa na sutikesi yenyewe hujaweka hata soksi. Vitu vizito kama chaja na kitabu wengi wanahamishia mifuko ya koti, na koti ukilivaa kwa kawaida halihesabiwi. Siyo uungwana sana ila inafanya kazi.

Usichanganye pia sheria za shirika na sheria za usalama, ni vitu viwili. Shirika linajali ukubwa na kilo. Watu wa ukaguzi wanajali kilichomo, na wao hata uwe na tiketi ya daraja la kwanza watakunyang'anya shampuu kubwa. Ile sheria ya chupa zisizozidi mililita 100 ndani ya mfuko unaoonyesha wa lita moja ilianza 2006 baada ya Uingereza kuzima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Viwanja vingine vyenye mashine mpya vimelegeza, lakini wewe unarudi kupitia kiwanja kingine, kwa hiyo kaa kwenye 100 tu.

Kuna hali moja ya kuijua, begi lako la juu ni halali, tiketi ni halali, ila makabati yamejaa na mhudumu anakwambia litaenda chini kwenye mizigo. Kawaida hiyo ni bure, kosa siyo lako. Ila kabla hujalikabidhi toa pawabenki na betri za akiba, hizo haziruhusiwi kwenda chini kabisa, zikishika moto kule hakuna wa kuzizima. Kikomo cha betri bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati, huandikwa Wh), ukiona imeandikwa mAh tu, yaani ujazo wa betri, zidisha kwa 3.7 ugawe kwa 1000, hivyo ya 20,000 ni 74, salama. Dawa, pasipoti, laptopu na funguo za nyumba ndo usizipakie huko kabisa tangu mwanzo, ziweke begi la chini ya siti ambalo hakuna mtu atakuja kukuomba.

Mwisho safari za kuunganisha. Begi la mkononi linafuata sheria ya shirika linalorusha ndege, siyo lile lililokuuzia tiketi, na ukiwa na ndege tatu za mashirika matatu basi anayekubania zaidi ndo kipimo chako cha safari nzima, hata kama ni kile kipande cha dakika arobaini. Ile mifuko ya maduka ya uwanjani nayo uiulizie, wengine wanairuhusu juu ya mabegi yako, wengine wanaihesabu kama begi la pili, na hapo chokoleti za zawadi unaanza kuzisukumia kwenye mikono ya jaketi mbele za watu.