Ufufuo si jina jingine la kwenda mbinguni

Nafundisha Agano Jipya, na kila nikianza somo la ufufuo huwauliza wanafunzi: Mkristo anapokiri kwamba anaamini ufufuo wa wafu, anaamini nini hasa? Majibu mengi hufanana. Mtu akifa, roho hutoka, huenda kwa Mungu na kukaa huko milele. Ni jibu lenye faraja, na lina ukweli ndani yake, maana Paulo mwenyewe aliwaambia Wafilipi kwamba anatamani kwenda zake akae na Kristo. Lakini huo si ufufuo. Kinachofufuliwa ni kile kilichokufa na kuzikwa. Kama tumaini letu lote lingekuwa roho kuokoka na kifo, Pasaka isingekuwa na kazi. Mwili wa Yesu ungebaki kaburini na bado tungesema yuko salama kwa Baba.

Wazo hili la roho kuuacha mwili nyuma lina historia ndefu, na Paulo alipambana nalo. Katikati ya miaka ya 50 BK, akiwa Efeso, aliwaandikia Wakristo wa Korintho kwa sababu baadhi yao walikuwa wakisema hakuna ufufuo wa wafu. Tangu zama za mwanafalsafa Plato, Wagiriki wengi waliosoma walikuwa wamezoea kuuona mwili kama gereza la nafsi. Kwao kufa kulikuwa kufunguliwa, na kurudishiwa mwili ni sawa na mfungwa aliyeachiwa huru kurudishiwa minyororo yake. Ndiyo maana kule Athene, katika Matendo 17, watu walimsikiliza Paulo vizuri mpaka alipotaja ufufuo; hapo wengine wakaanza kumdhihaki.

Ukiisoma 1 Wakorintho 15 taratibu utaona kwamba Paulo anaanzia mahali wanapokubaliana: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana na Kefa, yaani Petro, na wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, na ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na Yakobo. Kisha anawabana. Mnawezaje kukubali kwamba yeye amefufuka na papo hapo mkasema wafu hawafufuki? Kama wafu hawafufuki, Kristo naye hakufufuka, na kama Kristo hakufufuka, "imani yenu ni bure". Hawaachii upenyo. Anamwita Kristo limbuko lao waliolala, na hapo yuko ndani ya Torati: katika Walawi 23 mganda wa kwanza unaletwa mbele za Bwana kabla ya mavuno kuliwa. Mganda ule na mavuno yanayofuata vimetoka shamba moja. Kilichompata Yesu ni mwanzo wa kitakachowapata walio wake.

Paulo hakulitunga tumaini hili. Alikuwa Farisayo, na Mafarisayo waliamini ufufuo huku Masadukayo wakiukana. Nikitaka wanafunzi waone kwa nini Wayahudi wale walishikilia mwili kiasi hicho, nawapeleka 2 Makabayo 7, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na Waorthodoksi. Ndugu saba na mama yao wanateswa na mfalme Antioko kwa kukataa kuivunja sheria ya Mungu. Anapofika zamu yake, ndugu wa tatu anaambiwa atoe ulimi. Anautoa mara moja, kisha ananyosha mikono yake bila hofu, akisema viungo hivi alivipata kutoka mbinguni na kwa Mungu anatumaini kuvipokea tena. Hapo suala ni haki. Mfalme amekata viungo vya mtu asiye na hatia. Je, neno la mwisho ni la mfalme? Kijana yule anajibu kwamba Muumba atakirudisha kile dhalimu alichokiharibu. Mimi naamini ufufuo hauwezi kueleweka mbali na swali hilo. Kuwaambia waliouawa kwa dhuluma kwamba roho zao zimepumzika ni kuwapa nusu ya habari.

Jambo jingine linalochanganya wengi ni tofauti kati ya Lazaro na Yesu. Tunasema wote wawili walifufuliwa, lakini Yohana anaonyesha tofauti kwa nguo. Lazaro anatoka kaburini amefungwa sanda miguu na mikono, na leso usoni, mpaka Yesu anaagiza wamfungue. Katika sura ya 20 Petro anaingia kaburini na kukuta vitambaa vya sanda vimelala, na ile leso iliyokuwa kichwani imezongwa-zongwa mahali pake peke yake. Yesu hahitaji kufunguliwa na mtu. Lazaro alirudishwa kwenye maisha yale yale aliyoyaacha, ambayo mwisho wake ni kifo. Yesu hakurudi nyuma. Alipita kifo akatokea upande wa pili. Warumi 6 inasema wazi: Kristo akiisha kufufuka katika wafu hafi tena.

Basi mwili wa namna hiyo ukoje? Injili zinatupa mambo mawili ambayo ni lazima kuyashika pamoja. Unashikika: katika Luka 24 anapewa kipande cha samaki wa kuokwa naye anakula mbele yao. Tena haufungwi na mipaka yetu: milango imefungwa, naye anasimama katikati yao, wale wawili wa Emau wanatembea naye njiani wasimtambue mpaka anapoumega mkate. Na alama za misumari zipo, Tomaso anaalikwa aziguse. Mara nyingi nafikiri juu ya alama hizo. Mungu angeweza kumfufua Mwanawe bila kovu hata moja. Badala yake majeraha ya msalaba yamo katika mwili wa utukufu, hayaui tena, wala hayakufichwa. Aliyefufuka ni yule yule aliyesulubiwa, na maisha aliyoyaishi hayakufutwa.

Swali linalokuja baada ya hapo ni la waliochomwa moto au kuliwa na samaki: hao watafufuliwaje? Kanisa lilikutana nalo mapema, tena kwa ukatili. Mwaka 177, kule Lyon, katika Ufaransa ya leo, watesi waliichoma miili ya mashahidi wa imani na kuyatupa majivu katika mto Rhône. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, ametuhifadhia barua ya Wakristo walioshuhudia, nayo inasema watesi walifanya hivyo ili kuwaondolea wafu tumaini la ufufuo. Walidhani Mungu anahitaji mifupa. Wakristo hawakuyumba, kwa sababu tumaini lao halikuwa juu ya masalio bali juu ya yule aliyewaumba pasipo kitu. Ufunuo 20 inasema bahari nayo itawatoa wafu wake. Kuhusu hali ya wafu kati ya kifo na siku ile, makanisa yanatofautiana, wengine wakifundisha usingizi, wengine kwamba roho ziko pamoja na Kristo tayari. Sitaingia huko leo. Ufufuo wenyewe umo katika Kanuni ya Imani ya Mitume, na wote wanautazamia.

Ninachosikitika kukiona ni mahubiri yanayougeuza ufufuo kuwa sababu ya kuidharau dunia, kana kwamba mwili ni takataka inayosubiri kutupwa. Paulo anauelekeza upande mwingine kabisa. Katika 1 Wakorintho 6 anawakataza waumini uasherati, na hoja yake ni kwamba Mungu aliyemfufua Bwana atatufufua na sisi. Mwili utakaofufuliwa si wa kuchezea. Katika Warumi 8 anakwenda mbali zaidi: viumbe vyote vinaugua, vikingoja kuwekwa huru kutoka utumwa wa uharibifu, pamoja na ukombozi wa mwili wetu.

Na itazame 1 Wakorintho 15 inavyoishia. Baada ya kuipigia mauti kelele za ushindi, Paulo anawaambia wazidi kutenda kazi ya Bwana, kwa kuwa taabu yao si bure. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo soma bila kusimama uone sentensi inayofuata: ni ya changizo. Siku ya kwanza ya juma, ambayo ndiyo siku kaburi lilikutwa wazi, kila mtu aweke akiba kadiri alivyofanikiwa, na fedha hizo zipelekwe kwa maskini wa Yerusalemu.