Mtoto Asiyetulia Darasani na Dhana ya "Ubongo wa Kulia": Maswali na Majibu

Tatizo la umakini ni nini?
Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kumaliza alichoanza au kusubiri zamu yake, kiasi cha kuvuruga masomo na maisha ya nyumbani. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia.

Nimeambiwa mwanangu hutumia ubongo wa kulia, eti wa kuchora na ubunifu, badala ya wa kushoto, eti wa kusoma na hesabu, ndiyo maana hasomi. Je, ni kweli?
Si kweli. Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto, na mwanasayansi wa ubongo Roger Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa uchunguzi wa pande mbili za ubongo. Lakini wagonjwa aliowachunguza walikuwa wamekatwa kwa upasuaji nyuzi zinazoziunganisha. Mwanao hajakatwa chochote. Awe anachora au anajumlisha, pande zote mbili hufanya kazi pamoja.

Mbona akichora hutulia saa nzima?
Kwa sababu anapenda kuchora. Kinachomshinda ni kuelekeza umakini kwenye asichokipenda.

Basi tusubiri upande wa kushoto uamke?
Msisubiri. Hakuna upande uliolala. Wazazi hutafuta msaada wakiwa wameshalipia mazoezi ya "kuamsha ubongo", huku mtoto ameshakariri darasa, daftari lake lina nusu mstari kila ukurasa, naye ameanza kujiita mjinga. Narudia, kwa heshima zote: msisubiri. Mtoto akiwa na dalili zilizotajwa mwanzoni kwa miezi 6, mpelekeni akapimwe.

Na fimbo?
Fimbo haiongezi umakini. Huongeza woga na uongo.

Hospitalini atafanyiwa nini?
Watamchunguza macho, masikio na usingizi, kwani mtoto asiyesikia vizuri pia huonekana mtundu, na watataka maelezo ya mwalimu. Picha ya ubongo haithibitishi tatizo hili, kwa hiyo msiilipie kwa ajili hiyo. Akiwa chini ya miaka 6, matibabu huanza kwa kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza; akiwa mkubwa zaidi, dawa huweza kuongezwa, na daktari ndiye anayeamua.

Tukisubiri siku ya miadi, tufanye nini?
Mpeni agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache, mkimtazama usoni. Mwombeni mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha. Kazi ya nyumbani igawanywe vipande vifupi, na kila kipande akimaliza asifiwe papo hapo.