Mapenzi ya Kasrini: Bibi Akikaa Mahali pa Bwana

Mashairi ya mapenzi ya kasrini yaliyoanza kuimbwa kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 11 humpotosha anayeyasoma kama barua za wachumba. Ni mashairi ya utumishi. Katika jamii ya kikabaila, askari aliyetaka kuwa mtu wa bwana fulani alipiga magoti, akaunganisha viganja, akaviweka ndani ya viganja vya bwana yule na kula kiapo. Alipata ardhi na ulinzi. Naye alidaiwa utii na upanga wake. Washairi waliuchukua utaratibu huo mzima wakamketisha bibi wa kasri mahali pa bwana. Hata jina walilomwitia, midons, maana yake ni "bwana wangu". Ujira wa mshairi ulikuwa salamu, mtazamo, pengine busu, na mara nyingi alitoka mikono mitupu.

Watunzi hao ni matrubaduri, na lugha yao ilikuwa Kioksitani, si Kifaransa cha kaskazini. Wa kwanza ambaye tungo zake zimetufikia ni Guillaume IX, mtawala wa Aquitaine aliyezaliwa mwaka 1071. Hakuwa mtu wa kunyenyekea kwa yeyote, na baadhi ya tungo zake ni utani mchafu wa askari. Kwa jumla zimebaki nyimbo zipatazo 2,500, ila mahadhi yaliyoandikwa ni ya takriban moja ya kumi tu.

Anayejua ushairi wa Kiswahili anaingia humu na zana mkononi. Wimbo wa mapenzi, yaani kanso, huwa na beti tano hadi saba. Kila ubeti una idadi ileile ya mishororo na mizani na huimbwa kwa mahadhi yaleyale. Vina vikiwa vilevile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, huo ni mtiririko. Vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Matrubaduri walikuwa na njia ya tatu: kubadili vina kila baada ya beti mbili. Mwishoni hufuata tornada, kipande kifupi kinachorudia vina vya mishororo ya mwisho ya ubeti uliotangulia. Hapo ndipo mshairi anapomtaja anayetumiwa wimbo, kwa lakabu. Katika wimbo wake maarufu wa ndege anayepiga mabawa kuelekea mwali wa jua kisha akajiachia kuanguka kwa utamu unaomjaa moyoni, trubaduri Bernart de Ventadorn anaagana na mtu anayemwita "Tristan", akisema anakwenda asikokujua na anaacha kuimba.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kusoma tafsiri ya nathari na kulalamika kuwa nyimbo zote zinafanana. Kwa maneno ni kweli zinafanana: msimu wa maua, ndege, mateso ya mpenzi, sifa za bibi, laana kwa wachongezi. Ufundi uko kwenye vina na mahadhi, na tafsiri imevitupa vyote viwili. La pili ni kutaka beti zifuatane kama hoja. Hati za mkono hupanga beti za wimbo uleule kwa mpangilio tofauti, kwa hiyo hoja inayotegemea ubeti wa tatu kutangulia wa nne ina msingi wa mchanga.

Wachongezi hao ni wa lazima. Bila wao hakuna siri, na bila siri hakuna haja ya lakabu. Ibn Hazm wa Cordoba, mwandishi wa Kiarabu katika Hispania ya Kiislamu, aliyeandika risala yake ya mapenzi karibu na mwaka 1022, ana sura nzima juu ya mchongezi, mlinzi na kuificha siri. Ufanano huo na nyimbo za kusini mwa Ufaransa hauna ubishi. Wanachobishania wanazuoni ni njia uliyopitia.

Wanawake nao walitunga. Wanajulikana wapatao 20, na mmoja wao, bibi wa Dia, ndiye pekee ambaye wimbo wake umebaki na mahadhi. Mwanamke anaposhika wimbo, yule bibi wa juu asiyesema neno hutoweka. Anayesema ni mtu aliyesalitiwa, anayemtaka mwanamume aeleze kiburi chake kimetoka wapi.

Kaskazini mwa Ufaransa wazo hilo la kumtumikia bibi liliingia kwenye hadithi ndefu, na fundi wake ni Chrétien de Troyes, aliyeandika kati ya miaka ya 1170 na 1190 kwa mishororo ya mizani nane yenye vina viwiliviwili. Hadithi yake ya Lancelot ina mishororo kama 7,000, nayo aliiandika kwa amri ya Marie, bibi wa Champagne. Malkia Guenièvre, mke wa mfalme Arthur, ametekwa. Lancelot, shujaa anayempenda na anayemtafuta, hana farasi tena, na kibete mwenye mkokoteni anamwambia: panda, kesho utajua habari za malkia. Mkokoteni huo ni wa kuwatembezea wauaji na wezi ili waaibishwe mbele ya watu. Lancelot anasita kwa hatua mbili, kisha anapanda. Baadaye anavuka daraja lililo upanga mtupu, mikono na miguu bila kinga, akivuja damu. Malkia anakataa hata kumtazama. Lancelot anadhani kosa lake ni ile aibu ya mkokoteni. Baadaye malkia anamweleza: kosa ni zile hatua mbili.

Hapo ndipo kiapo cha utumishi kinapoonyesha makali yake. Heshima ya vita inasema shujaa asipande mkokoteni. Mapenzi yanasema asisite. Kwenye mashindano ya Noauz malkia anamtumia amri ya kupigana vibaya kupita wote, naye anatii huku watu wakimcheka. Kama Chrétien anasifu au anadhihaki, wasomi hawajakubaliana. Kwa maoni yetu anafanya yote mawili, na kicheko hakimwondolei Lancelot ukuu. Chrétien hakuimaliza kazi hiyo. Mwisho uliandikwa na Godefroi de Leigni kwa ridhaa yake.

Picha za filamu ziwekwe kando. Shujaa wa wakati huo alivaa deraya ya pete za chuma, kwa kawaida kilo 10 hadi 14. Deraya kamili ya mabamba ni ya karne ya 15. Mashindano nayo hayakuwa watu wawili kukabiliana kwa mikuki huku ukuta mdogo ukiwatenganisha. Yalikuwa makundi mawili yakipambana kwenye mashamba na vijiji, na faida ilikuwa mateka: aliyeshindwa alitoa fidia, farasi na silaha. William Marshal wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1219, alijivunia kuteka mashujaa 500. Kanisa lilipiga marufuku mashindano hayo mwaka 1130, na marufuku haikuondolewa hadi 1316.

Uungwana huo ulikuwa na ukuta wa tabaka, na vitabu vya shule huupita kimya. Andreas Capellanus, aliyeandika kitabu cha mapenzi kwa Kilatini katika miaka ya 1180, anatoa kanuni 31 za mapenzi, mojawapo ikiwa kwamba ndoa si kisingizio cha kutopenda. Mwandishi huyohuyo anamshauri mwanamume wa tabaka la juu anayemtamani mwanamke wa shamba amsifu kwanza, kisha asisite kutumia nguvu. Kisha sehemu ya tatu ya kitabu inashutumu mapenzi yote. Je, ni mzaha? Askofu Étienne Tempier wa Paris hakuona mzaha: alikilaani kitabu hicho kwa jina mwaka 1277. Mahakama za mapenzi zinazoelezwa humo, ambamo mabibi wakubwa hutoa hukumu, zichukuliwe kama mchezo wa fasihi.

Jina "mapenzi ya kasrini" lilipata nguvu ya kitaaluma mwaka 1883, mwanazuoni Mfaransa Gaston Paris alipoandika juu ya Lancelot. Aliyapa alama nne: ni ya siri na nje ya ndoa, mpenzi yuko chini ya bibi, hufanya matendo makuu kwa ajili yake, na ni sanaa yenye kanuni. Alama hizo zinaikaa vizuri hadithi aliyozitolea. Zipeleke kwenye hadithi nyingine mbili za Chrétien huyohuyo uone. Érec anaoa, anampenda mkewe hata anaacha silaha, na watu wake wanaanza kumnong'ona. Yvain anaoa, anaomba ruhusa ya kwenda mashindanoni kwa mwaka mmoja, anasahau siku ya kurudi na kupata wazimu msituni. Katika zote mbili bibi ni mke wa ndoa, na ile alama ya kwanza haina pa kushika.